Taa ya Wote, Maji ya Mukashema

2 Juni

Leo nimegeuza daftari langu la vipimo vya wateja na kuanza kuandika kutoka nyuma, kwa sababu siku kama hii haifai kupotea hivi hivi. Tumepewa taa. Yaani tumeahidiwa, lakini safari hii ahadi ina miguu: mashini ya maji ipo, imefungwa ndani ya nyumba yake ya mawe kule chini, na nguzo zimesimama hadi kanisani.

Wageni wa mradi walifika kutoka Goma. Mkubwa wao ni mwanamke, Mama Joséphine-Marie, mwenye sauti nene na viatu vya kupandia mlima, si kama wale wanaokuja na viatu vya ofisi halafu tunawashika mkono kila penye tope. Alitueleza kwamba mashini imelipwa na watu wa nchi za mbali wanaotaka dunia ipunguze moshi, na kwamba serikali nayo imeweka lengo la nyumba ngapi zipate umeme wa maji au wa jua kila mwaka. Lengo hilo linajengwa kwa kuuliza kila kijiji kitafika wapi. Yeye mwenyewe aliona kwamba kwa mashini moja tuanze na nusu ya nyumba za mlima huu, na nusu nyingine ingoje mashini ya pili.

Kisha akamgeukia mume wangu Luc, ambaye ni prezida wa komite ya taa.

"Papa Prezida, ninyi munaweka lengo gani? Manyumba ngapi?"

Luc alisimama, akavua kofia. "Yote, Mama. Hatutaacha nyumba ata moya."

Makofi yalipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Mama Joséphine-Marie alimtazama kidogo, akatabasamu, akaandika. Na mimi nilijivuna, niseme nini. Nani kwetu angesema nusu mbele ya mgeni? Ukiwa na mtungi mmoja wa pombe ya kasiksi na uani pamejaa, huwachagui wanywaji. Unaongeza mirija, kila mtu anavuta kidogo. Kusimama mbele ya mgeni na kusema hawa watapata na hawa wataangalia ni aibu ya ukoo mzima.

Baada ya mkutano Luc akaita, "Karibuni bote, mukule kwetu." Nao wakaja wote. Nilikuwa nimepika fufu na mboga ya sombe ya watu wa nyumbani na wageni wachache, lakini chakula kilitosha, kwa sababu mama mwenye nyumba, yaani mimi, alisema maneno yake ya siku zote: "Mimi nilishakula." Sasa ninamalizia kiazi baridi cha asubuhi huku ninaandika, na nina furaha.

4 Juni

Mvua kidogo. Huenda ni ya mwisho. Nimeshona mapazia ya padri.

7 Juni

Trésor, fundi wa mradi, amebaki kwetu. Ni kijana wa Goma, anavaa miwani ya jua hata ndani ya ukungu, na anatembea mlimani kama mtu anayeogopa kukanyaga mayai. Leo amekuja kumwona Luc na uso mrefu. Anasema mashini ilipangwa kwa nusu ya nyumba. Ikiwa ni nyumba zote, lazima ukuta wa kuzuia maji uongezwe kimo, na maji yote ya kijito yaingie kwenye mfereji.

"Nyumba ikiwa yote, Papa, maji nayo lazima ikuwe yote," alisema. "Mashini haijue kugawa."

Luc alimjibu kwamba kuongeza ukuta ni kazi ya mikono, na mikono tunayo. Wiki ijayo ni salongo, kila nyumba itoe mtu mmoja kubeba mawe. Trésor alikunywa chai yangu akaondoka. Sikupenda alivyoacha nusu kikombe.

14 Juni

Salongo. Tumebeba mawe tangu ukungu ulipoinuka. Mgongo wangu unanitukana.

Nilibeba pamoja na Mukashema. Naye aliandikishwa, kwa sababu naye ana nyumba, na nyumba ni zote. Mukashema ni mjane, jirani yangu wa chini, na ndiye anayenishonea vifungo kwa mkono, maana mimi kwa vifungo sina subira. Shamba lake la mateke, yaani magimbi, liko bondeni, kando ya kijito, kati ya ukuta wa juu na nyumba ya mashini. Hapo ndipo maji hayatapita tena wakati wa kiangazi. Yataingia kwenye mfereji juu ya shamba na kurudi kijitoni chini ya shamba.

Luc alimweleza hayo mbele yetu, kwa upole. Alimwambia umande wa bondeni ni mwingi, tuvumilie kiangazi kimoja, mashini ya pili itakuja.

"Haina mambo, Papa Prezida," Mukashema alisema. "Mateke inapenda maji, lakini na mimi napenda taa."

Tukacheka wote. Aliinua jiwe kubwa kuliko langu, akaliweka ukutani kwa mkono wake.

21 Juni

Salongo tena. Ukuta umekwisha. Juu yake kuna mlango wa chuma wa kupandisha na kushusha, Trésor anauita vani. Ukishuka, kijito kizima kinageuka na kuingia mferejini kama ng'ombe aliyeonyeshwa zizi.

29 Juni

Taa.

Sijui niandike nini. Baada ya misa walifungua mashini, na nyumba zikawaka mchana kweupe, hakuna aliyejali kwamba ilikuwa mchana. Mukashema alikuja mbio kuniita nikaione yake. Tulisimama chini ya taa ile, wanawake wawili wazima, tukaiangalia kama watoto. Alinishika mkono. Nilikumbuka Lushebere, tulipokimbia vita na kulala pamoja chini ya hema moja kambini, mvua ikipita katikati yetu. Nikalia kidogo na yeye akalia kidogo.

3 Julai

Luc amenunua pasi ya umeme Goma. Miaka yote nimetumia pasi ya makala, nikipuliza majivu na kuomba Mungu cheche isiruke kwenye shati la mtu. Leo nimenyoosha suruali mbili kabla chai haijapoa.

5 Julai

Tatizo la pasi. Nikiiwasha, taa za mlima mzima zinafifia. Isidore, mwenye chumba cha kunyolea na televisheni ya kuonyesha mpira, alitoka nje na kupiga kelele, "Mama Nicole, toa pasi!" Halafu na wengine wakaanza. Sasa mlima wote unajua saa ninayonyoosha nguo. Nimewajibu kwamba waje wavae nguo zilizokunjamana basi.

11 Julai

Jua. Kwenye kijito tuna jiwe moja kubwa la kufulia. Mwezi wa tano maji yalilifunika, leo limeonekana mpaka mabegani. Na hilo ni upande wa juu ya ukuta. Chini ya ukuta hakuna maji ya kuonea jiwe.

12 Julai

Jua.

20 Julai

Mukashema alileta mashati niliyompa. Vifungo safi. Aliniambia majani ya mateke yamegeuka manjano pembeni. Nilikuwa nakata vitambaa vya sare za shule, mkasi mkononi, sindano mdomoni, nikamjibu kwamba kila kiangazi mateke hulalamika, na yeye pia. Aliuliza kama nina mashati mengine.

Nyumba yake ina taa nzuri. Nilimwambia hivyo ili kumchangamsha.

25 Julai

Trésor amekuja kunyooshewa shati. Nimemuuliza kwa nini yeye, fundi, anakubali mashini inywe kijito chote. Nilidhani atajivuna. Alivua miwani, nikaona kwamba ana macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Nilisema, Mama Nicole. Niliandika ku bureau kama maji itakuwa kidogo. Lakini ile namba ilishapanda. Ya kwetu iliingia mu ya teritware, ya teritware ikaingia mu ya provensi, ya provensi ikaenda Kinshasa. Saa hii mukubwa fulani iko naisoma mbele ya bazungu, na bale banapiga makofi. Nani atapanda kule juu kuishusha?"

"Si useme ilikuwa neno ya Luc tu?"

"Ilikuwa neno ya Papa Luc siku moya tu, siku ya kwanza. Kesho yake ilikuwa objektifu, lengo ya serikali."

Sikumtoza kitu kwa shati lile. Kijana amelelewa vizuri, nilikosea juu yake.

2 Agosti

Jiwe la kufulia liko nje mpaka kiunoni. Mukashema hakuja wiki nzima.

6 Agosti

Sare, sare, sare. Shule zinafungua mwezi ujao na kila mama amekumbuka leo.

10 Agosti

Nina hasira, lakini nitaandika.

Baada ya misa nilikuwa nanyoosha kola za sare. Pasi ikafa. Nikatoka nje, nikijua safari hii si mimi. Hakuna taa hata moja. Watu walikuwa kwa Isidore kuangalia mpira, wakatoka wote kama siafu, wakapanda kwenda ukutani. Nami nikafuata, na Luc mbele.

Vani ilikuwa juu. Maji yalikuwa yanateremka kijitoni kwa njia yake ya zamani. Na Mukashema alikuwa ameketi pale pale juu ya mawe, jembe lake mapajani, kitenge kimelowa mpaka magotini. Hakukimbia wala kusimama.

"Sikujificha," alisema. "Nilitaka mateke inywe mara moya. Halafu ningefunga."

Isidore alikuwa anatweta. "Sisi bote tulibeba mawe. Iyi ni taa ya bote. Unatuzimia sababu ya mateke? Hawa batu bako..."

"Isidore," Luc alisema, na sijawahi kusikia sauti yake hivyo. "Iyo maneno yako, irudishe mu tumbo. Hapa kuko maneno ya maji tu."

Sisi sote tunajua maneno ya kabila huanza kidogo, na tunajua huishia wapi. Sote tumelala Lushebere. Isidore mwenyewe alitazama chini, nadhani aliyasikia maneno yake akayaogopa.

Luc akamgeukia Mukashema. "Mama, ukiwa na magumu, unakuja kuniambia. Hautafungua tena."

"Nilikuambia, Papa Prezida. Nilikuambia mara ya kwanza na mara ya pili. Ulisema tuvumilie."

Luc alishika vani kwa mikono miwili, akaishusha mbele ya Mukashema. Maji yakageuka, kijito kikanyamaza.

Na mimi? Mimi nilimkasirikia. Nilifikiri kola zangu, nilifikiri aibu ya mume wangu kujibiwa vile mbele ya watu. Nilipita karibu naye na sikumsalimu. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

11 Agosti

Sikwenda kwake.

12 Agosti

Sikwenda. Luc hakula vizuri. Anasema ni tumbo.

13 Agosti

Nimekwenda. Nilikuwa na sababu, mashati manne yenye vifungo yalikuwa bado kwake. Nikajaza sahani ya maharagi na ndizi, nikaifunika, kwa sababu mtu haendi kugombana mikono mitupu.

Nilipita bondeni. Sikuwa nimepita huko tangu Juni, niseme ukweli, njia ya juu ni fupi. Mateke yamelala chini. Si kwamba yamekauka pembeni, yamelala. Udongo umepasuka, mguu wangu uliingia ndani ya ufa. Alikuwa amechimbua mizizi midogo isiyokomaa, na mashimo yalikuwa mengi.

Nilimkuta mlangoni anashona kifungo cha mwisho. Hakuonyesha chuki. Aliniletea kiti. Nikaona mafiga yake matatu jikoni, majivu yametulia, baridi, hakuna hata harufu ya moshi. Nikamwekea sahani mbele.

"Aksanti, dada," alisema. "Nilishakula."

Hapo ndipo nilipoketi.

Kule Lushebere tulikuwa tunapata kikombe kimoja cha unga kwa hema. Tulipika, tukaweka katikati, na mimi ningesema nilishakula, na yeye angesema nilishakula, na tungesukumana sahani hiyo mpaka fufu ipoe. Siku moja tulishikwa na kicheko kwa sababu wote wawili tulikuwa tumekaa hapo hapo tangu asubuhi na hakuna aliyeonja kitu. Tangu siku ile, tukiwa wawili, neno hilo lilikuwa mchezo wetu. Leo alilisema bila kucheka, na macho yake kwenye kifungo.

Nani atanifundisha uongo huo? Mimi ndiye mwenyewe. Nimeusema kwa wageni wa Luc tangu nilipoolewa.

Kwetu humwambii mtu kwamba hajala. Nilivuta sahani, nikachukua ndizi moja, nikasema, "Basi unisindikize tu. Sipendi kula peke yangu." Kumsindikiza mtu si kula, kila mtu anajua. Akanawa mikono. Alikula haraka sana mwanzoni, halafu akaona kwamba anakula haraka, akaanza kula polepole. Niliangalia upande wa taa yake ili asinione.

Ananishonea vifungo na mimi ninanyoosha kola kwa maji ya mateke yake. Moyo wangu umeuma leo kuliko siku ya kukimbia.

14 Agosti

Nimegombana na Luc. Sikupiga kelele, lakini sikumwachia.

Nilimwekea chakula, nikasimama.

"Papa Nicole, siku unakaribishaka bageni bote, mimi ninakulaka nini?"

Alinitazama kama niliyeongea Kichina. "Unakulaka mbele yetu. Unasemaka vile."

"Chungu iko moya. Ningekula mbele mu chungu gani?"

Aliacha kijiko. Nilimwona anahesabu moyoni wageni wa miaka yote hiyo, ubatizo, misiba, mikutano ya komite. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Sikujiandaa kwa uso ule. Mume wangu hakuwa anajua. Kwa kweli hakujua, mtu mzima na ndevu nyeupe, aliamini kwamba kuna mwanamke anayeshiba kabla ya chungu kupikwa.

Nikamaliza, kwa sababu nilikuwa nimeanza. "Ulisema manyumba yote, na ulisema kwa roho nzuri, na mimi nilijivuna. Lakini yote inatoka mu sahani ya mutu. Kule chini kuko mama moya, njo anaambia mulima muzima alishakula."

Alivaa kofia, akatoka. Nilimwona kutoka dirishani, ameketi juu ya jiwe la kufulia, ambalo sasa liko nje lote.

15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Luc ameshiriki misa kwa nyuma.

18 Agosti

Luc alishuka bondeni peke yake. Amerudi na udongo kwenye viatu. Nimepeleka viazi kwa Mukashema, nikamwambia vimezidi. Tunadanganyana vizuri.

22 Agosti

Luc alimuuliza Trésor kama anaweza kuacha sehemu ya maji ipite. Trésor alisema ndiyo, ukipandisha vani kiasi, mashini itawasha taa za nusu ya nyumba hivi, na pasi hapana. Lakini Mama Joséphine-Marie anakuja Jumatano kukagua kama lengo limefikiwa. Kijiji kikishusha namba yake, mashini ya pili inaenda kwanza kwa vijiji vilivyotimiza, na sisi tunarudi nyuma ya msururu.

"Na wewe?" Luc alimuuliza.

"Mimi, kontrati yangu inaisha pamoja na rapport," Trésor alisema, akavaa miwani yake.

Luc hatakula tena leo, naona. Ninamwonea huruma. Mbele ya mgeni alisema zote. Atarudi mbele ya mgeni yule yule aseme nini? Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi.

27 Agosti

Wageni walikuja. Watu walijaa uwanja wa kanisa. Mukashema alikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, kitenge kimefunika mdomo. Mama Joséphine-Marie alisimama na karatasi yake, akashukuru, akasifu mlima wetu uliotangulia milima mingine yote. Kisha akauliza, kama alivyouliza mara ile.

"Papa Prezida, manyumba ngapi zinawaka?"

Luc alisimama na kuvua kofia. Aliigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Watu walianza kukohoa. Nilijua kilichomziba. Akisema nusu, amewagawa watu wake mbele ya mgeni. Akisema zote, amemzika mjane mbele ya macho yake. Mume wangu hakuumbwa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nikasimama. Wanawake kwetu husimama kwenye mikutano kupeana maji, si kusema, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Mama mugeni," nilisema, "aksanti kwa taa. Nyumba yetu sisi, ya prezida, tulishakula. Tulishiba. Kateni waya yetu, ile maji ya taa yetu ipite mu kijito."

Mgeni hakuelewa. Lakini wanawake wote walielewa, niliwaona. Hakuna mwanamke mlimani ambaye hajawahi kusema neno hilo karibu na chungu kilichopungua. Mke wa katekista akasimama, akasema na wao walishakula. Halafu mwingine. Wanaume wao walitazama juu, wakatazama viatu, lakini hakuna aliyekana, kwa sababu unakanaje mbele ya wageni kwamba umeshiba? Wengi walibaki wameketi pia, siwalaumu. Wengine wana wazee vipofu nusu, wengine wana watoto wa mtihani.

Isidore alisimama mwisho. "Mimi sijashiba," alisema, na watu wakacheka. "Siwezi danganya. Lakini naweza ngoja. Televizyo itafunguka siku ya mupira tu." Alimtazama Mukashema kidogo, akakaa haraka.

Ndipo Luc akapata sauti. Alimweleza mgeni kila kitu, ukuta, vani, mateke, na hakumtaja Mukashema kwa jina. Alisema, "Siku ile ulituletea nusu. Mimi nilikujibu na adabu, sikukujibu na maji."

Mama Joséphine-Marie alikunja karatasi. Nilifikiri atakasirika. Aliongea kwa sauti ya chini, si ile ya mikutano.

"Papa, si wewe peke yako. Nilijua mashini iko ya nusu. Lakini uliponipa yote, nilifurahi, sababu ku bureau banapenda yote, na bakubwa babo banapenda zaidi. Sikuuliza maji ya kiangazi. Niliandika tu."

"Na rapport?" Trésor aliuliza.

"Tutaiandika vile iko. Watanigombeza." Akatutazama. "Na ninyi mutangoja mashini ya pili sana. Munajua?"

Tulijua. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Trésor alipanda ukutani, na tukasikia vani ikilia ikipandishwa.

Mukashema alinipita mlangoni pa kanisa. Alinirekebisha kitenge begani, ambacho hakikuwa kimekaa vibaya.

1 Septemba

Nimerudi kwenye pasi ya makala. Cheche moja imeruka kwenye kola. Nimetukana kidogo, Mungu anisamehe.

5 Septemba

Mateke mengi hayatarudi. Yale ya karibu na maji yametoa jani jipya, moja moja. Mukashema anasema atapanda upya. Luc na Isidore wamemlimia ukingo.

9 Septemba

Mvua. Ilianza wakati nafunga sare za mwisho. Jiwe la kufulia limefunikwa miguu.

12 Septemba

Mvua. Maji sasa yanatosha mashini na bonde, na Trésor ametuuliza kama aturudishie waya mpaka kiangazi kijacho. Luc amesema zianze nyumba nyingine, yetu iwe ya mwisho. Trésor bado hajui kama atapewa kontrati nyingine. Nimemshonea shati, kitambaa changu mwenyewe, na safari hii alimaliza chai.

14 Septemba

Baada ya misa Luc alisimama nje ya kanisa na, kwa sababu yeye ni yeye na hatabadilika mpaka kaburini, akaita, "Karibuni bote, mukule kwetu."

Wakaja. Trésor alikuja, Isidore na watoto wake, Mukashema na kikapu cha mateke madogo aliyosisitiza niyapike. Chungu kilikuwa kile kile. Nikapakua, nikapakua, nikaona chini ya chungu, nikahesabu macho yaliyobaki. Nikafungua mdomo kusema maneno yangu.

Luc alishanitangulia. Alikuwa ameshika sahani yake, ile niliyomjazia kwanza kama prezida. Akaiweka mbele ya kiti changu, akafuta kiti kwa mkono.

"Keti, Mama Nicole," alisema. "Mimi nilishakula."

Mukashema alinitazama, nikamtazama. Akaanza kucheka, kicheko cha Lushebere, mpaka akashika ubavu, na wageni wengine hawakujua anacheka nini. Tangu asubuhi nilikuwa na Luc, na hakuwa ametia kitu mdomoni ila maji. Niliketi. Nilikula yote.